Nimeletewa bastola ya bei nafuu, je, itanifaa kwa shabaha?

MUULIZE MJOMBA

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mhasibu, nina miaka 41, naishi Soweto hapa Moshi na mke wangu na watoto wawili, mdogo ana miaka sita. Kizazi chetu kilimaliza kidato cha sita wakati JKT ya lazima imesimamishwa, kwa hiyo silaha nilikuwa naiona begani kwa mlinzi wa benki tu. Mwaka jana rafiki yangu wa Arusha alinichukua hadi renji wanakopiga shabaha, na hapo ndipo nilipopotelea. Siku hizi Jumamosi mbili kwa mwezi naamka alfajiri, napanda Coaster ya kwanza ya Arusha, narudi jioni nanuka baruti.

Tunapiga karatasi za duara, mita 25, risasi kumi kumi. Natumia bastola ya kuazima, ya risasi ndogo ya pointi mbili mbili (.22), yenye mtutu mrefu, mali ya mzee mmoja pale. Kwa mikono miwili nimewahi kupata 81 kwa 100. Kwa mkono mmoja, ambao ndio wa mashindano yenyewe, bado nahangaika kwenye 60 na kitu. Mwakani nataka kuingia mashindano ya pale nikiwa na ya kwangu.

Baada ya kuuza parachichi za shambani Kibosho nimetenga shilingi milioni tatu na laki mbili. Sasa kuna jamaa Arusha, alikuwa kwenye shughuli za uwindaji wa kitalii, anafunga mambo yake anaondoka. Ana bastola ya milimita 9, fupi, nzuri, inaenea kiganjani. Anataka milioni mbili na laki nane. Anasema nimpe kwanza laki tano ya kuishikilia, mambo ya karatasi tutamalizana baadaye. Rafiki yangu ananisukuma niichukue. Anasema pointi mbili mbili ni ya kuulia njiwa, na hiyo ya tisa itanifanyia kazi mbili, shabaha na ulinzi wa nyumba.

Mke wangu ameshasema ikiingia ndani, yeye anatoka.

Mjomba, niichukue? Kama siyo, kwa fedha hiyo nitafute ipi? Na mama watoto nimwambie nini?

Nyongeza: nimeanza miwani ya kusomea. Nikilenga, kile kijino cha mbele nakiona kina ukungu. Nilimwona yule Mturuki wa Olimpiki ya Paris akipiga na miwani ya kawaida, mkono mfukoni, akachukua medali. Ni macho yake tu au kuna siri?

Mpwa wako,
Soweto, Moshi

*

Marahaba mpwa wangu.

Laki tano usiitoe.

Barua yako ni ndefu lakini maneno yaliyonisimamisha ni machache: mambo ya karatasi tutamalizana baadaye. Pikipiki mtu anaweza kuiendesha miaka mitatu kwa kadi yenye jina la mwingine, wote tunajua inavyokwenda. Bastola haiendi hivyo. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na siku utakayokutwa na silaha yenye jina la mtu aliyekwisha kupanda ndege KIA, hakuna atakayekaa kukusikiliza ukieleza habari za parachichi. Maombi yanaanzia serikali ya mtaa wako hapo Soweto, yanapanda hadi polisi, na njiani utaulizwa unaitakia nini na utaiweka wapi. Kwa hiyo safari yako ya kwanza haiendi kwa muuzaji yeyote. Inakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu kituoni kwa ofisa anayeshughulikia silaha, uulize utaratibu wa mtu anayetaka silaha ya michezo. Ukiwa palepale, uliza na idadi ya risasi utakazoruhusiwa kununua. Hilo watu hulisahau, na kwako litaamua mengi.

Kama huyo jamaa ni mwungwana, atakubali kwenda nawe kituoni na bastola yake na leseni yake, uhamisho ufanyike mbele ya wanaohusika. Akianza kusema ana haraka ya safari, umeshajibiwa.

Lakini tuseme ni mwungwana, na karatasi zote zimenyooka. Bado nasema usiichukue.

Wewe una shamba Kibosho, basi nikuulize. Jirani akikuletea ng'ombe wa maziwa kwa bei ya kutupa, unamfunga tu bandani? Unatazama kwanza majani. Migomba yako inamtosha? Kiangazi kikikaza, majani utayafuata wapi, na mzigo ni shilingi ngapi? Bei ya ng'ombe unailipa siku moja, majani unayalipa kila asubuhi. Bastola ya shabaha ni ng'ombe wa ndani, na majani yake ni risasi.

Fanya hesabu, ndiyo kazi yako. Mtu anayetaka kutoka 60 kwenda 85 kwa mkono mmoja hawezi kupiga chini ya risasi mia kila anapokwenda renji. Wewe unakwenda mara mbili kwa mwezi. Hizo ni risasi 2,400 kwa mwaka, na kiboksi cha kawaida kina 50, kwa hiyo ni viboksi 48. Nenda kwa muuza risasi, ulizia kiboksi cha milimita 9 na kiboksi cha pointi mbili mbili, zidisha kila kimoja mara 48, weka majibu kando kando kwenye karatasi. Sehemu nyingi duniani ya tisa inagharimu mara mbili, mara tatu, hata zaidi ya hiyo ndogo. Unafuu wa huyo jamaa utakuwa umeliwa kabla miti yako haijazaa tena. Na kibaya zaidi, hutapiga hizo mia. Utapiga thelathini, utakumbuka ada ya shule, utafungasha.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Bastola yangu ya kwanza ilikuwa ya tisa, na niliinunua kwa maneno yaleyale ya rafiki yako, kwamba ndogo ni ya watoto. Nikawa napiga risasi ishirini kwa mwezi, nazihesabu kama mtu anayejaribu kuacha sigara. Alama zikaanza kushuka. Nikalaumu saiti za kulengea, nikalaumu upepo, nikalaumu aina ya risasi. Siku moja mzee aliyekuwa akitufundisha akaniomba magazini, akageuka, akaijaza yeye, akanirudishia. Ya kwanza ikalia, ya pili ikalia. Ya tatu haikulia, kwa kuwa alikuwa amechomeka risasi ya bandia katikati. Lakini mtutu uliinama hadi chini kama mtu anayekwenda kusujudu, na hakuna kilichotoka. Renji nzima iliona. Mkono wangu ulikuwa umejifunza kuogopa teke la ile bastola, ukawa unalikwepa kabla halijaja. Ilinichukua mwaka mzima na bastola ndogo kuutoa ule ugonjwa, na sina hakika umetoka wote.

Pointi mbili mbili haina teke la kumtisha mtu. Unapiga, kijino kinaruka kidogo, kinarudi mahali pake, unaona kosa lako mwenyewe. Mwambie rafiki yako kwamba kwenye Olimpiki bastola zote za mita 25, za wanaume na za wanawake, ni za pointi mbili mbili. Hao wauaji wa njiwa wanarudi makwao na medali shingoni.

Halafu umesema ni fupi, unaisifia. Kwa shabaha hiyo ni kasoro. Tazama umbali kati ya kijino cha mbele na ule mwanya wa nyuma unaochungulia ukilenga. Tuseme ni sentimita 15, na mkono wako umekosea nusu milimita tu, kijino hakikukaa katikati ya mwanya. Kosa hilo likifika mita 25 limekuwa sentimita nane na ushee. Kwenye bastola ndefu, yenye sentimita 22 kati ya kijino na mwanya, kosa lilelile halifiki sita. Na duara la kumi kwenye karatasi ya kimataifa ya mita 25 lina upana wa sentimita tano. Unaona mwenyewe alama zinavyopotea, na bunduki wala hujaitikisa.

Na triga, kile unachokivuta kwa kidole. Bastola nyingi za kujilindia zina triga nzito, kilo mbili na zaidi, na wameifanya hivyo makusudi, isije ikalia kwa bahati mbaya mikononi mwa mtu aliyeshikwa na hofu. Kwenye shabaha ya mita 25 kanuni za kimataifa zinataka triga isiwe nyepesi kuliko kilo moja, na karibu kila mshindani anakaa hapohapo, juu kidogo ya kilo. Ukivuta kilo mbili na nusu kwa mkono mmoja, kidole kinaburuta bastola nzima kwenda pembeni.

Hiyo habari ya kazi mbili naomba tuizike hapahapa. Bastola ya shabaha inakaa sefuni, imefungwa, risasi zimefungiwa mbali nayo. Bastola ya kumngoja mwizi inakaa karibu na mto. Nyumba yenye mtoto wa miaka sita haina nafasi ya hiyo ya pili, na kwa wezi wa Soweto taa nzuri, mbwa na majirani wanaoitikia yowe vinatosha sana.

Sasa, ipi?

Kwanza waulize wenyeji wako wa renji mashindano yao yanafuata kanuni zipi. Bastola ina michezo mingi lakini kwako inayohusika ni miwili. Kuna huo wa kusimama, mkono mmoja, karatasi ya duara, ambao wakubwa wake ni shirikisho la kimataifa la kupiga shabaha, ISSF. Kuna ule wa IPSC, ulioanzishwa Marekani mwaka 1976, watu wanakimbia toka kibanda hadi kibanda, shabaha nyingi, saa inahesabu. Kwenye IPSC ya tisa ndiyo yenyewe, na ungekuwa unapiga huo ningekupeleka moja kwa moja kwenye ukoo wa CZ 75 ya Wacheki, chuma kitupu, nzito, inatulia mkononi. Lakini ulivyoeleza, wewe ni mtu wa karatasi za duara.

Kwa hiyo tafuta mojawapo ya hizi: Ruger Mark IV, Browning Buck Mark, au Smith & Wesson SW22 Victory. Zote ni za Marekani, zote pointi mbili mbili, zote huko kwao ni bastola za mtu wa mshahara wa kawaida. Ukiona mtu renji ana Pardini ya Italia au Walther ya mashindano ya Ujerumani, meza mate, ipige picha, endelea na shughuli zako. Hizo zinagharimu mara tatu, mara nne, na kwa mtu wa alama 60 hazitaongeza chochote ambacho risasi 2,400 hazitaongeza.

Kati ya hizo tatu mimi moyo wangu uko kwa Ruger, na sitajifanya sina upendeleo. Kampuni yenyewe ilianza mwaka 1949 na bastola ya umbo hilihili, mtutu mnene umesimama wenyewe, saiti zimekaa juu ya chuma kisichotikisika. Buck Mark ina triga tamu zaidi inapotoka kiwandani, hilo nalikubali. Victory sijaipiga sana. Ruger za zamani, Mark II na Mark III, zinapiga vizuri vilevile na mara nyingi ndizo zinazopatikana mkononi mwa mtu, ila kuzifungua kusafisha ni mtihani na kuzirudishia ni adhabu. Nimemwona mtu mzima, fundi wa magari, amekaa na Mark II vipande vipande kwenye gazeti toka saa nne hadi saa nane mchana. Mark IV iliyotoka mwaka 2016 ina kitufe nyuma, unakibonyeza, sehemu ya juu inakunjuka, umemaliza.

Ukiletewa Mark IV ya mkononi, tazama lini ilitengenezwa. Mwezi Juni 2017 kampuni iliziita zile zote zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 mwezi huo zirekebishwe, kwa sababu sefti, kile kitufe cha usalama, ikiachwa katikati na triga ikavutwa, bastola iliweza kulia baadaye sefti inaposogezwa. Ambayo haikurekebishwa usiiguse.

Na chukua rula. Kanuni za ISSF za mita 25 zinataka mtutu usizidi milimita 153 na uzito usizidi gramu 1,400. Mtutu wa inchi tano na nusu ni milimita 140, unapita. Wa inchi karibu saba haupiti, hata kama ni mzuri kiasi gani na muuzaji anakuapia.

Ya mkononi inapimwaje? Utakwenda na mfuko wa sukari. Sikutanii. Hakikisha bastola haina kitu: toa magazini, vuta nyuma, chungulia chumba cha risasi, tia na ncha ya kidole. Kisha muulize mwenyewe kama inaruhusu kufyatuliwa tupu. Risasi ya pointi mbili mbili huwaka kwenye ukingo wa ganda, kwa hiyo kwenye baadhi ya bastola msumari ukikosa ganda unagonga kingo za chumba na kuziharibu, na ndiyo maana wengi huweka ganda lililokwisha kupigwa au plagi ya plastiki. Likishakuwa sawa, elekeza mtutu juu mbinguni, funga mfuko wa sukari wa kilo moja kwa kamba, uning'inize kwenye triga katikati, uinue polepole. Triga ikiubeba mfuko bila kulia, imepita. Ikilia, ni nyepesi mno kwa mashindano, na huenda kuna mtu alishaichezea kwa tupa. Waamuzi wa kimataifa wanapima hivyohivyo, tofauti ni kwamba wao wana kipande cha chuma kilichopimwa na wewe una sukari. Ukiwa na mzani wa dukani, pima na huo mfuko kwanza, maana wafungashaji wetu unawajua.

Baada ya hapo mulika mdomo wa mtutu kwa tochi ya simu. Pale mwishoni, risasi inapotokea, ukiona pameng'oka hata kidogo kama kikombe cha udongo kilichopigwa ukingoni, achana nayo. Kutu ya juu juu isikutishe. Huku kwetu toka Machi hadi Mei hata panga linaota kutu likiwa ukutani. Kutu ya ndani ya mtutu ni jambo jingine.

Mwisho ipige, na uende na aina tatu za risasi, kumi kumi kwa kila aina, mkono umelala juu ya mfuko wa mchanga. Bastola za pointi mbili mbili zina uchaguzi kama mtoto asiyependa ugali. Moja itakula kila kitu, nyingine itakwama na risasi za bei ghali na kupiga vizuri zile za bei rahisi. Unatafuta aina inayokusanya matundu karibu karibu bila kukwama. Ukishaipata, nunua hiyo hiyo kila mara.

Mpini usikusumbue. Watu wanaacha bastola nzuri kwa sababu haikuwakaa mkononi, kumbe vibao vya mpini vinabadilishwa. Wapiga shabaha wakubwa wengi wanachonga mipini yao, wanasugua kwa msasa hapa, wanajaza poda ya mbao na gundi pale, hadi mkono unapoingia mahali pamoja kila mara. Hapo Moshi mafundi seremala wa kuchonga mti mgumu hawajapungua. Mpelekee fundi mpini peke yake, bastola ibaki sefuni. Mshikie kipande cha udongo wa mfinyanzi ulichokifinya kwa mkono wako, akichonge kama kilivyo. Muhimu ni kwamba ukishika, nyama ya kidole cha kwanza ifike kwenye triga yenyewe bila kujinyoosha, na ivute ikirudi nyuma moja kwa moja.

Sasa turudi kwenye lile swali la polisi. Wakikuambia risasi utakazoruhusiwa ni chache, au hesabu ya viboksi 48 ikikushinda hata kwa hiyo ndogo, usikate tamaa, uliza bastola ya hewa. Hiyo inapigwa mita 10, kijirisasi cha milimita 4.5, na kopo moja lina 500. Umbali mfupi usikudanganye kwamba ni rahisi: duara la kumi lina milimita 11 na nusu, yaani kifungo cha shati lako. IZH-46M ya Kirusi, inayopampiwa mara moja kwa mkono kila unapopiga, imewalea wapiga shabaha wengi wasio na fedha, na Gamo Compact ya Hispania ni ya chini yake kidogo. Ukizoea kifungo cha shati kwa mkono mmoja, mita 25 zitakuwa likizo. Lakini usiibebe mfukoni ukidhani ni mwanasesere. Nayo ipitishe kwa yule ofisa wa silaha kwanza, kama nyingine zote.

Fedha yako usiigawe kwa kuanzia bastola. Anza na sefu ya chuma inayofungwa ukutani kwa bolti, viziba masikio vya maana, miwani ya kukinga macho, na risasi za miezi sita ya mwanzo. Kinachobaki ndicho cha bastola. Mimi nikikokotoa kwa jicho, kwenye milioni tatu na laki mbili bastola isile zaidi ya nusu au juu yake kidogo. Ikiwa hiyo nusu haitoshi kwa iliyopo sokoni, ngoja parachichi za msimu ujao na endelea kuazima ya mzee. Kuazima si aibu. Mpelekee mzee kiboksi cha risasi kila unapokwenda, na ndizi za Kibosho.

Mama watoto. Hapa sitakusaidia kumshawishi, kwa sababu kwangu mimi yeye ndiye aliyesema neno la maana kuliko wote watatu. Yule muuzaji aliongelea bei, rafiki yako akaongelea uanaume, wewe ukaongelea alama. Yeye aliongelea mtoto. Tena msikilize alivyosema: ikiingia ndani. Basi isiingie. Uliza renji kama wana ghala la silaha lililoidhinishwa linalopokea za wanachama, na muulize ofisa wa silaha kama leseni yako inaweza kuandikwa hivyo. Ikikubalika, bastola yako itaishi Arusha na wewe utaishi Soweto, mtaonana Jumamosi. Fedha ya sefu itabaki, mnunulie mtungi mkubwa wa gesi. Ikishindikana, sefu ifungwe ukutani kabla bastola haijanunuliwa, yeye aione, aijaribu kuifungua kwa mikono yake ashindwe. Kisha umngoje. Akisema bado, ni bado.

Na yule Mturuki. Yusuf Dikeç alikuwa na miaka 51 siku ile, na ilikuwa Olimpiki yake ya tano, alianza na ya Beijing mwaka 2008. Yeye na mwenzake Şevval İlayda Tarhan walichukua medali ya fedha, mita 10, bastola ya hewa ya mashindano, ya gharama. Mkono mfukoni karibu wote wanaweka, ni kuutuliza mwili usiyumbe. Watu walicheka kwamba hana vifaa, lakini kifaa chake kilikuwa hiyo miaka.

Ukungu wako una dawa nyepesi. Jicho haliwezi kuona mwanya, kijino na karatasi vyote vitatu kwa ukali mmoja, kwa hiyo chagua kijino. Karatasi iwe doa jeusi la ukungu huko mbele, haidhuru, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Miwani yako ya kusomea imetengenezwa kwa umbali wa kitabu, na kijino kiko mbali zaidi ya hapo, ndiyo maana haikusaidii. Simama kama unavyosimama renji, nyoosha mkono na kitu chenye urefu wa bastola, mtu apime kwa futi ya cherehani toka jichoni hadi ncha. Nenda na namba hiyo kwa mpima macho, umwambie unataka lenzi ya umbali huo kwa jicho la kulengea. Kama hutaki maswali mengi pale kliniki, mwambie unaimba kwaya na stendi ya noti iko mbali.